“Je, una nguvu za kiume?” Swali hili likiingia kwenye utafiti wa taifa litapima nini hasa?

Mdadisi Mstaafu, Kampala

Ndugu wasomaji, juzi nililetewa rasimu ya dodoso la utafiti mkubwa wa magonjwa yasiyoambukiza ili niipitie tafsiri yake ya Kiswahili, ile itakayotumika kambini, mipakani na huko Nile Magharibi. Ofisi iliyonipa kazi hiyo sitaitaja. Katikati ya maswali ya chumvi, pombe na sigara nilikuta mstari mmoja: “Je, una nguvu za kiume? Ndiyo / Hapana.” Hapakuwa na kipindi kilichotajwa, wala maelezo ya neno lenyewe, wala agizo kwa mdadisi kama aulize mbele ya watu au pembeni. Nimeketi kwenye mikeka na vigoda vya wilaya nyingi za nchi hii nikiwauliza watu mambo yao ya ndani, na jibu la swali hilo ninalijua kabla tableti haijawashwa. Kila mwanaume atasema ndiyo, hata yule ambaye asubuhi hiyo hiyo amenunua mulondo, mzizi unaouzwa kama dawa ya nguvu hizo, kwa shilingi zake za mwisho.

Sifungui uzi huu kupinga swali kuulizwa. Nadhani linapaswa kuulizwa, na limechelewa. Ninachopinga ni kudhani kwamba tatizo la uume kutosimama lina idadi yake iliyokaa mahali ikisubiri kuhesabiwa kama vyandarua ndani ya kaya, ilhali idadi hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na swali lenyewe.

Tuanze na maana. Mwezi Desemba 1992 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu, na mkutano huo ukapendekeza neno la zamani la Kiingereza, “impotence”, liachwe kwa sababu lilikuwa limebeba dharau, kama vile sisi tusivyoweza kumwambia mtu “hanithi” tukabaki marafiki. Badala yake wakaeleza hali yenyewe: kushindwa kupata, au kudumisha, kusimama kwa uume kunakotosha kwa tendo la kuridhisha. Angalieni maneno mawili ya mwisho. “Kutosha” kwa kipimo cha nani, na “kuridhisha” nani? Maana hiyo inamwachia mwanaume mwenyewe awe hakimu, na hilo si kosa, lakini lina gharama utakapotaka kulinganisha Gulu na Boston.

Boston nimeitaja makusudi, kwa sababu idadi inayonukuliwa kuliko zote ilitoka huko. Kati ya 1987 na 1989 watafiti waliwafikia wanaume wa miaka 40 hadi 70 katika miji 11 ya eneo la Boston, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 kutokana na majibu ya wanaume 1,290 yalisema kwamba asilimia 52 walikuwa na tatizo kwa kiwango fulani. Mmeshasikia vipaza sauti vya wauza dawa kwenye maegesho ya teksi vikitangaza kwamba nusu ya wanaume wenye miaka zaidi ya 40 wamekwisha. Mzizi wa tangazo hilo ni huo. Wasichokisema ni kwamba ndani ya hiyo 52 mna asilimia 17.2 waliohesabiwa kuwa na tatizo dogo tu, 25.2 la wastani, na 9.6 ndio walioshindwa kabisa. Ukiondoa kundi la kwanza, nusu inageuka kuwa theluthi. Lingine ambalo halitangazwi ni jinsi makundi hayo yalivyopatikana: wanaume walijaza maswali faraghani, kisha watafiti wakatumia kanuni ya hesabu iliyotokana na wagonjwa wa kliniki ya mkojo kuamua nani aingie kundi gani. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyeulizwa moja kwa moja kama ana tatizo “dogo” au “la wastani”. Miaka ya baadaye utafiti huo huo uliongeza swali moja la wazi, ambapo kila mtu alijipanga mwenyewe katika ngazi nne.

Sasa ulinganishe na utafiti wa taifa wa afya na lishe wa Marekani wa miaka 2001 hadi 2004. Huko mwanaume aliingia peke yake ndani ya chumba cha gari la uchunguzi, akajibu kwenye kompyuta swali moja la uwezo wake wa kupata na kudumisha kusimama kunakotosha. Majibu yalikuwa manne: karibu kila mara, kwa kawaida, wakati mwingine, na kamwe. Waliochagua mawili ya mwisho ndio waliohesabiwa, wakawa asilimia 18.4 ya wanaume wote kuanzia miaka 20. Je, Wamarekani walipona kutoka 52 hadi 18? La. Umri wa chini ulishuka kutoka 40 hadi 20, na mpaka wa kuhesabiwa mgonjwa ukasogezwa. Ndani ya utafiti huo huo, vijana chini ya miaka 40 walikuwa kiasi cha asilimia 5, na wazee wa 70 na zaidi walikuwa asilimia 70. Mtu anayekuletea idadi moja bila umri na bila maneno ya swali hajakuletea kitu.

Naomba maoni yenu, hasa ninyi mlio hospitali na ninyi mnaojua takwimu.

---

Muuguzi wa Arua

Asante mzee wangu kwa kulileta jambo hili. Mimi nipo kliniki ya kisukari na presha, na wanaume huniambia habari hii kwa mlango wa nyuma. Anakuja kulalamika kwamba dawa za presha “zinamchosha”, ninamuuliza zinamchosha wapi, anatazama dirishani. Hapo ninajua. Wengine wameshaacha kumeza dawa kwa sababu hiyo, na presha inapanda tena.

Nina jambo ambalo sijaliona kwenye maelezo yako. Huku wanaume wengi wana wake wawili au watatu. Nilikuwa na mgonjwa aliyeniambia kwa uwazi kabisa kwamba kwa mke mkubwa hawezi, na kwa mke mdogo anaweza bila shida. Ukimpa swali lako la “kwa kawaida”, atajibu nini? Na je, yeye ni mgonjwa?

Pili, hakuna faragha. Watu wa utafiti wakifika, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anawasindikiza hadi kwenye boma na anaketi. Mwanaume hawezi kusema lolote mbele ya LC1, ambaye kesho atakutana naye kwenye kikao cha ardhi.

---

Mdadisi Mstaafu, Kampala

Dada yangu, habari ya wake wawili ni nzito kuliko inavyoonekana. Madodoso mengi yaliandikwa yakimfikiria mwanaume mwenye mwenza mmoja, na hayana mahali pa kumweka mgonjwa wako. Kwa daktari jibu lake ni la thamani kubwa, maana uume unaosimama mahali pamoja na kukataa pengine unaashiria kwamba mishipa ya damu haijaharibika sana na chanzo huenda kiko kwenye mawazo au kwenye uhusiano. Kwa mtakwimu ni kichwa kuuma. Ningeuliza kuhusu mara zote kwa jumla, kisha niongeze swali dogo: “Je, hali hii hukupata kwa kila mwenza?” Na swali la kusimama wakati wa kuamka asubuhi lingesaidia pia, kwa kuwa halimhitaji mke yeyote.

Kuhusu faragha sina ubishi. Tutalirudia.

Kuna shimo jingine ambalo wengi hutumbukia bila kujua, nalo liko kwenye dodoso linaloheshimiwa kuliko yote duniani. Mwaka 1997 ilichapishwa faharasa ya kimataifa ya kusimama kwa uume yenye maswali 15, iliyotumika sana katika majaribio ya dawa ya sildenafil, ambayo Marekani iliiidhinisha Machi 1998. Mwaka 1999 likatoka toleo fupi la maswali matano, ambalo ndilo wanafunzi wetu wa vyuo hulipenda kwa sababu linaingia kwenye nusu ukurasa. Alama za juu ni 25, na mwenye 21 kushuka chini anahesabiwa kuwa na tatizo. Mwenye 5 hadi 7 ana tatizo kali.

Chukueni mvuvi wa Kalangala mwenye miaka 58, mjane wa mwaka mmoja, ambaye tangu amzike mkewe hajalala na mwanamke. Swali la kwanza linamuuliza ana imani kiasi gani kwamba anaweza kusimamisha. Anacheka, anasema kubwa sana: alama 5. Maswali manne yanayofuata yanauliza kuhusu yaliyotokea wakati wa tendo katika miezi 6 iliyopita. Hakuna kilichotokea, kwa hiyo kila swali anapata sifuri. Jumla ni 5, na kompyuta inaandika: tatizo kali. Mtu mzima, mwenye afya, anayejiamini kuliko wote kijijini, ameingia kwenye ripoti kama mgonjwa mahututi kwa sababu ya msiba.

Dodoso hilo lilijaribiwa na wanaume wenye wenza, waliokuwa wakikutana nao kimwili, na kwa hao linafanya kazi vizuri sana. Ukilipeleka kwenye jamii nzima, ambako kuna wajane, askari walio mbali na nyumbani, watu waliotengana na wake zao na watu waliookoka wanaosubiri ndoa, unapima upweke na kuuita ugonjwa. Wengine hujitetea kwa kuwaondoa wote wasiofanya tendo. Hilo nalo lina hasara yake, kwa kuwa miongoni mwa hao unaowatupa wamo walioacha kwa sababu hawawezi tena, yaani wale hasa uliowatafuta. Njia pekee ninayoiona ni kumuuliza mtu kwa nini hakukutana na mwanamke, na mojawapo ya sababu unazomwekea iwe kwamba uume hausimami.

---

Dereva wa Malaba

Mzee, shikamoo. Nimesoma yote nikiwa kwenye foleni ya malori. Mimi nauliza swali la mtu wa kawaida: kwa nini serikali iingie chumbani kwangu wakati zahanati ya kijijini haina hata dawa ya malaria? Na pia, wanaume tutadanganya tu. Jogoo asipopanda mtungi, mwenye jogoo hatangazi. Sasa mtahesabu uongo?

---

Mdadisi Mstaafu, Kampala

Marahaba, kijana wangu. Swali la kwanza lina jibu, na jibu lenyewe liko moyoni, maana yake kwenye mishipa ya moyo. Uume husimama kwa kujaa damu, na mishipa inayoipeleka damu hiyo ni myembamba kuliko ile ya moyo. Mafuta na sukari vikianza kuharibu mishipa, ule mwembamba huonyesha dalili mapema. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuata maelfu ya wanaume wa miaka 55 na zaidi, wasiokuwa na ugonjwa wa moyo tangu mwanzo. Wale waliopata tatizo la kusimama wakati wa utafiti walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo na mishipa iliyozidi ya wenzao kwa kiasi cha asilimia 25, baada ya hesabu kuzingatia umri na mambo mengine. Katika ule utafiti wa taifa wa 2001 hadi 2004, wanaume wenye kisukari walikuwa na tatizo hili kwa zaidi ya nusu, asilimia 51.3.

Sasa njoo nyumbani. Utafiti wetu wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2014, uliowapima watu wa miaka 18 hadi 69, ulikuta asilimia 26.4 wana presha ya juu, na kati ya hao ni asilimia 7.7 tu waliokuwa wakijua. Hebu fikiri: zaidi ya tisa katika kila kumi hawajui. Mwanaume hahisi presha. Uume usiposimama anahisi, na anaanza kutafuta dawa siku hiyo hiyo, ila anaitafuta kwa muuza mizizi. Ndiyo sababu ninataka swali hili liwekwe katika utafiti unaopima presha na sukari kwa mashine papo hapo, kuliko kuliweka mahali ambapo mtu anaulizwa tu kama amewahi kuambiwa na daktari kwamba ana presha. Kwa hali yetu, jibu la swali hilo la pili linapima umbali wa mtu na hospitali kuliko linavyopima presha yake.

Kuhusu uongo, mdogo wetu wa Mbarara nimeona jina lake hapa chini, namwachia.

---

Hesabu Tupu, Mbarara

Nashukuru mzee. Kabla ya uongo, niseme neno kuhusu umri. Nimesikia pendekezo kwamba swali hili liingizwe kwenye utafiti wa demografia na afya, kwa kuwa sampuli yake ni kubwa. Mwaka 2016 utafiti huo uliwahoji wanaume wa miaka 15 hadi 54. Kwa tatizo linalopanda kwa kasi baada ya miaka 50, kuishia 54 ni sawa na kupima mafuriko ya Mto Nyamwamba kisha kuondoka mvua inapoanza. Tungepata asilimia ndogo, magazeti yangeandika kwamba Mganda ni simba, na wazee wa miaka 65 wasingekuwapo popote kwenye jedwali.

Hata tukiwafikia wote, idadi ghafi itakuwa ndogo kwa sababu nchi yetu ni changa. Kabla ya kujilinganisha na nchi yenye wazee wengi ni lazima tusawazishe umri kwenye hesabu. Na huo umri nao una matatizo. Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo tunauliza, “Amin alipochukua serikali mwaka 1971 ulikuwa umeanza shule?” Jibu linazungushwa, na kwenye grafu unaona minara mirefu ya watu wa 50, 60 na 70, na mabonde kwenye 57 na 63. Mstari unaopanda kwa kasi kama huu haupendi umri wa kukadiria.

Kuhusu uongo, kuna mbinu iliyopendekezwa mwaka 1965 na Warner ya kumruhusu mhojiwa ajifiche nyuma ya bahati nasibu, na moja ya sura zake za baadaye inafanyika hivi. Mpe sarafu ya shilingi 500, aitupe peke yake. Ukitokea upande wa korongo aseme “ndiyo” bila kujali ukweli; ukitokea upande wa nembo ajibu kweli. Mdadisi hajui ilitokea nini, wala LC1 hajui. Tuseme umewauliza wanaume 400 na 240 wamesema ndiyo. Kiasi cha 200 walilazimishwa na korongo, wakabaki 200 walioulizwa kweli, na kati yao 40 wamekubali: asilimia 20. Hakuna aliyeaibika.

---

Mdadisi Mstaafu, Kampala

Mbinu nzuri, na nimewahi kuiona ikifanya kazi. Ila waambie na bei yake.

---

Hesabu Tupu, Mbarara

Bei ni kubwa, nakiri. Kwa mfano huo huo, ili upate uhakika sawa na wa swali la moja kwa moja unahitaji watu mara 6. Pia huwezi kujua ni nani mwenye tatizo, kwa hiyo kuunganisha jibu lake na presha yake kunakuwa kugumu na kwenye makosa mengi. Inafaa kutupa jumla ya nchi, na kutuonyesha ni wangapi wanaojificha tunapouliza waziwazi.

---

Mdadisi Mstaafu, Kampala

Kwa hiyo ningeitumia kwa kikundi kidogo cha majaribio, na kwa utafiti wenyewe ningechagua vifaa vya masikioni. Swali lisomwe na sauti iliyorekodiwa, ya mwanaume mtu mzima, kwa lugha ya mhojiwa. Yeye aguse rangi kwenye kioo cha tableti, kijani au njano, bila kusoma neno lolote. LC1 ataona mtu anasikiliza kitu, basi. Wale watakaouliza kuhusu vipimo vya hospitali niwajibu mapema: zipo mashine za kupima usiku mtu akiwa amelala, na zamani madaktari walizungusha hata mkanda wa stempu za posta ili waone asubuhi kama umekatika. Kwa mtu mmoja sawa. Kwa kaya 5,000, nani atagawa stempu?

Kuna mfano wa karibu unaonisumbua zaidi kuliko yote ya Marekani. Miaka ya 2000 yalifanyika majaribio makubwa ya tohara ya wanaume kwa ajili ya kuzuia VVU, moja hapa kwetu Rakai na jingine Kisumu, ng’ambo ya ziwa. Yote mawili yaliuliza pia kuhusu uwezo na kuridhika katika tendo, na yote mawili yalichapisha matokeo hayo mwaka 2008. Rakai, kwa wanaume zaidi ya 4,400 wa miaka 15 hadi 49, waliosema wameridhika walizidi asilimia 98 katika makundi yote mawili, waliotahiriwa na ambao bado. Kisumu, kwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, robo hivi walitaja tatizo fulani la kijinsia mwanzoni: asilimia 23.6 kwa kundi la tohara na 25.9 kwa kundi la kusubiri.

Ni kweli hawakuuliza kitu kile kile, na Kisumu walihesabu matatizo ya aina mbalimbali, si kusimama peke yake. Lakini vijana wa Kisumu walikuwa wadogo kwa umri, kwa hiyo tungetarajia matatizo machache zaidi kwao, si mengi. Halafu tazameni kilichotokea baada ya miezi 24: kundi la tohara lilishuka hadi asilimia 6.2, na kundi ambalo halikufanyiwa chochote likashuka hadi 5.8. Tohara haiwezi kuwaponya wasiotahiriwa. Labda vijana walikomaa, labda ushauri waliopewa kila walipohudhuria uliwasaidia, na labda, hii ndiyo imani yangu mimi niliyeshika madodoso miaka mingi, mtu akiulizwa swali lile lile mara ya tatu anakuwa amejifunza kwamba “hapana” humaliza mahojiano haraka. Kwa lengo la majaribio hayo, yaani kulinganisha kundi na kundi, hakuna lililoharibika, kwa sababu kosa liligusa pande zote sawasawa. Ungetaka kujua ni vijana wangapi wa Kisumu wana tatizo, ungechagua 25 au 6?

---

Mwalimu wa Kiswahili, Masindi

Naomba niingie kwa upande wa lugha, maana naona wote mnazungumza kana kwamba tafsiri ni kazi ya dakika tano.

“Nguvu za kiume” kwa Kiswahili chetu, kama “amaanyi g’ekisajja” kwa Kiganda, ni kapu. Ndani yake mna hamu, kusimama, kuchelewa kumaliza, kurudia, na hata uwezo wa kuzalisha. Mwenye watoto 9 atasema anazo hata kama hajasimamisha tangu mwaka jana. Ukiuliza hivyo hujui amejibu kuhusu kipi.

Halafu “tendo la ndoa”. Ni neno la adabu, redio zote hulitumia. Lakini mwaka jana nilimsaidia mwanafunzi wangu wa zamani kujaribu maswali yake, na kijana mmoja wa boda boda alijibu kila swali la tendo la ndoa kwa “hapana”. Tulidhani ni mtawa. Kumbe alituambia kwa ukweli wake wote: “Mwalimu, mimi sijaoa.” Alikuwa na wapenzi wawili.

Mzee mwingine siku hiyo alisema anashindwa “wakati mwingine”. Nikamwomba anisimulie kwa maneno yake alichoelewa. Akasema bao la kwanza halina shida, ila la pili siku hizi halipo. Ana miaka 61. Kwa kipimo chenu angehesabiwa mgonjwa.

---

Mdadisi Mstaafu, Kampala

Mwalimu, hayo mawili ya mwisho yana thamani kuliko kurasa kumi za mwongozo. Hivi ndivyo nilivyoliandika upya baada ya kuwasoma nyote, likosoeni.

“Katika miezi 6 iliyopita, umekutana kimwili na mwanamke, awe mke wako au mwingine, au umejaribu?” Akisema hapana, aulizwe sababu kubwa: hana mwenza, mwenza yuko mbali au anaumwa, imani, hana hamu, uume hausimami vya kutosha, au nyingine. Akisema ndiyo: “Katika mara hizo, uume wako uliweza kusimama na kubaki umesimama hadi ulipomaliza mara ya kwanza?” Majibu: karibu kila mara, mara nyingi, mara chache, hata mara moja. Kisha: “Hali hii imedumu miezi 3 au zaidi?” na “Inakusumbua?” Haya mawili nimeyachukua kwa namna ya utafiti wa taifa wa Uingereza wa 2010 hadi 2012, ambao ulitenganisha shida ya kupita na shida iliyodumu, kisha ukauliza kama inamsumbua mwenyewe. Mzee wa miaka 80 asiyesumbuliwa tusimlazimishe kuwa mgonjwa, ingawa presha yake bado tuipime.

---

Muuguzi wa Arua

“Hata mara moja” bila “haikuwezekana” mbele yake itawachanganya watu. Huku kwetu mtu atasikia “angalau mara moja”. Andika “haikuwezekana hata mara moja”. Na mkimaliza kuuliza, mpeni kila mwanaume karatasi ya rufaa ile ile, aliyekubali na aliyekataa, ili jirani asijue nani kasema nini.

---

Mdadisi Mstaafu, Kampala

Nimesahihisha, na karatasi ya rufaa nimeiongeza. Nitalijaribu kwa wanaume 12 kwanza, wanne Bombo, wanne Arua kwa msaada wako dada, wanne mpakani. Kila mmoja asikilize kisha arudie swali kwa maneno yake kabla ya kulijibu, nitaandika anavyolirudia.

---

Dereva wa Malaba

Wanne wa mpakani nitakutafutia mimi, mzee. Nitakuwa hapa hadi Ijumaa, mizigo haijapitishwa. Ila vile vya masikioni usivisahau, maana kibanda cha chai tunachokaa ni kimoja na mama mwenye chai anasikia kila kitu.

---

Mdadisi Mstaafu, Kampala

Nakuja Alhamisi asubuhi. Nitavileta viwili, kimoja kikiharibika kingine kiwepo.